Kumwuliza Mama, kwa Treni ya Namanve

Niliondoka kambi ya jeshi ya Bwera, mpakani na Kongo, kwa sababu ya swali moja. Baba alikuwa amepata uhamisho. Yeye ni koplo, na jeshini uhamisho hauna mjadala: karatasi inakuja, watu wanafunga vyombo. Lakini safari hii walikuwa wanampeleka mahali ambapo hakuna nyumba za familia. Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa Senior Four, kidato cha nne, na ilibidi nikae na mtu. Watu wenyewe walikuwa wawili tu. Wa kwanza ni shangazi, dada yake baba, anayeishi Arua. Nilimwona mara moja nikiwa mdogo na sura yake siikumbuki. Wa pili ni mama, ambaye alikwenda Kampala mwaka uliotangulia, akapata kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Namanve, na hakurudi.

Kambini walisema mama amekimbia. Walisema hata mimi nikiwa palepale, kana kwamba msichana asiyeongea hana masikio pia. Mimi nilikuwa sijui. Kwenye simu mama aliuliza kama nimekula, akauliza masomo, halafu akasema, “Tutaongea.” Swali langu halikupata nafasi hata siku moja. Nilitaka kujua kama naweza kwenda kukaa naye. Lakini chini ya hilo kulikuwa na lingine, kama ananitaka.

Baba aliliona. Akasema, “Letaru, hii si jambo ya simu. Nenda umwulize uso kwa uso. Akisema ndiyo, nitaleta sanduku yako Kampala. Akisema hapana, Arua. Sawa?”

“Sawa, baba.”

“Sawa nini?”

“Sawa, afande.”

Akacheka kidogo. Ni mchezo wetu wa tangu zamani.

Asubuhi ya kuondoka, lori la kambi lilikuwa linakwenda Kikorongo kuchukua magunia ya posho, unga wa mahindi wa askari. Sajini aliyelisimamia alinitazama mimi na mfuko wangu, akasema, “Wewe mtoto ya koplo! Panda nyuma. Shika chuma. Ukianguka ni mimi ya kueleza.” Nikapanda, nikashika chuma. Ndani walikuwamo askari wawili na mke wa askari mmoja, mama mnene mcheshi aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka, Kasindi. Hakuniacha nipumzike.

“Mutoto, unaenda wapi?”

“Kampala. Kwa mama.”

“Mama yako iko Kampala? Eh! Bamama beko wengi kule. Utamujua?”

Askari wakacheka. Hakuwa na ubaya, ni utani tu, na baadaye akanipa ndizi mbivu mbili. Lakini neno lile lilinikaa. Niligeukia upande wa milima, ingawa mawingu yalikuwa yameifunika yote, ili wasinione usoni.

Kikorongo, kwenye njia panda, sajini alipiga kelele, “Shuka!” na mimi nikashuka. Nilikaa pembeni mwa wauza mahindi kungoja basi dogo la Kasese. Malori yalikuwa yanapita moja baada ya lingine yakielekea mpakani, makubwa, yenye makontena ya rangi ya kutu na bluu. Kwetu Bwera makontena ni kitu cha kila siku. Hata usingizini unajua ni lori gani limepanda gia. Sikuyawazia lolote siku ile.

Kasese nilifika mchana wa jua kali. Nililala kwa akina Biira, upande wa Nyamwamba. Biira ndiye rafiki yangu wa shule, na nikisema rafiki yangu simaanishi mmoja wao. Wazazi wake ni Wakonzo, wakulima wa kahawa, watu wa kanisani, na hapo pamekuwa kwao tangu kwa babu wa babu. Ukiwauliza nyumbani ni wapi wananyoosha kidole tu. Mimi nikiulizwa hivyo huanza kutaja kambi.

Jioni Biira alinipeleka kuona stesheni ya zamani. Reli bado ipo, lakini lazima uitafute kwa mguu, kwa maana nyasi zimefika kiunoni. Kwenye jukwaa la abiria mtu alikuwa ameanika mihogo. Mbuzi alikuwa amelala mahali ambapo nadhani watu walikatia tikiti. Biira alitembea juu ya chuma kimoja na mimi juu ya kingine, mikono tumeinyoosha, mpaka nyasi zikatushinda.

Wakati wa kula, baba yake Biira alicheka aliposikia kwamba kesho kutwa nitapanda treni.

“Wewe mutoto ya majeshi utapanda treni? Sisi tulipanda ile ya hapa. Unaingia jioni, unafika Kampala mwili yote iko moshi. Na inasimama! Inangojea mabehewa ya mizigo ipite. Unalala, unaamuka, iko palepale, ng'ombe ileile inakutazama.”

“Muache mutoto akule,” mkewe akasema.

“Namwambia ukweli. Mizigo hailii njaa, lakini ndiyo inapita kwanza.”

Nilicheka pamoja nao. Halafu taa ilipozimwa nilisikia jinsi Biira na dada zake walivyonong'onezana Kikonzo, wakicheka kidogokidogo, nikajifanya nimelala.

Siku ya pili yote ilikwenda katika basi la Kampala. Sina mengi ya kueleza. Tulipita Fort Portal kwenye ukungu, tukaona chai, tukaona msitu, na mtu aliyekaa karibu nami alilala begani mwangu kutoka Kyenjojo mpaka karibu na Mubende. Sikuthubutu kumwamsha. Kampala nilipokelewa na Mama Opio, ambaye alikuwa jirani yetu katika kambi ya zamani kabla mumewe hajahamishwa. Hivyo ndivyo sisi tulivyo. Hatuna kijiji, lakini katika kila mji kuna mama mmoja aliyewahi kutuazima chumvi. Alinipa uji na akanieleza mpango kama kamanda. Mama yangu anatoka zamu ya usiku asubuhi. Treni ya asubuhi inafika Namanve muda huohuo. Atanisubiri kwenye jukwaa. “Ukikosa ile treni,” akasema, “atakuwa amelala, na ukimwamsha, kazi ya usiku itamshinda.”

Asubuhi ya siku ya tatu niliingia stesheni ya Kampala mapema mno, kwa woga. Treni yenyewe nilikuwa nimeitazamia kama kitu kirefu. Ilikuwa injini moja na mabehewa machache, viti vimepangwa ubavuni, na katikati watu wamesimama. Wengi walikuwa wanajuana. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake na jirani yake wa kila siku. Walizungumza Kiganda, lugha ambayo nasikia maneno yake kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nilipata kona karibu na mlango.

Tuliondoka vizuri. Tukapita nyuma za nyumba, na huko nyuma ndiko watu huweka kila wasichotaka kionekane mbele. Nakawa, watu wakapanda. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama. Nilipanga salamu, nikapanga habari za mtihani, halafu taratibu swali. Kabla ya kufika Kireka, treni ikapunguza mwendo, ikaingia njia ya kando, ikasimama.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha watu wakatoa simu. Kisha mwanamume mmoja mwenye ovaroli alisema kitu, behewa zima likaangua kicheko, hata wanawake. Nilitamani kujua. Halafu wakaanza kuruka chini, mmoja mmoja, wakishikana mikono, wakapanda ukingo kwenda barabarani kutafuta pikipiki. Muda si mrefu behewa likabaki na mimi, bibi mmoja mwenye kikapu, na mwanamume mwenye jaketi la kung'aa anayekagua tikiti. Akanisemesha Kiganda. Nilipotikisa kichwa akageukia Kiswahili, Kiswahili cha mashariki, cha Tororo.

“Dada, wewe hushuki?”

“Sijaambiwa, afande.”

Alinitazama, akacheka mpaka akashika nguzo. “Afande! Mimi ni wa tikiti tu. Nani akuambie? Hapa kila mtu anajiambia mwenyewe.”

Uso uliniwaka. Lakini ni kweli, sikuwa nimewaza hata kidogo kwamba mtu anaweza kushuka. Kwetu lori likisimama unakaa. Unakaa mpaka mtu aseme shuka. Nimekaa hivyo tangu nilipozaliwa.

“Unaenda wapi?”

“Namanve. Mama ananisubiri.”

“Basi kaa. Pikipiki itakupotezea njia.” Akaketi mbele yangu. Akanieleza kwamba gari la moshi la mizigo linatoka Malaba, mpaka wa Kenya, na reli ni moja. “Lile ni zito. Likisimama kwenye mwinuko, kulisukuma tena ni kazi. Sisi ni wepesi, kwa hivyo sisi ndio tunapisha.”

“Kila siku?”

“Si kila siku. Hilo ndilo baya. Ingekuwa kila siku watu wangejua. Leo tunafika sawa, kesho hivi. Wangetupa saa za mizigo mapema, na wakaongeza hizi njia za kando ziwe nyingi, tungepishana bila mtu kuruka. Lakini mizigo inalipa kuliko wewe.”

Nikamwuliza yule wa ovaroli alisema nini. Hilo nalo lilikuwa ujasiri kwangu.

“Alisema treni hii ni mke mdogo. Chakula kikiiva, lazima mke mkubwa apakue kwanza.”

Tulilihisi gari la mizigo miguuni kabla ya kulisikia. Lilipita polepole, kubwa, likitikisa madirisha, kontena nyuma ya kontena, ya rangi ya kutu na bluu. Nikatambua ni yaleyale. Yanashushwa Kampala, yanapakiwa kwenye malori, yanapita Kikorongo, yanapita mbele ya kambi yetu Bwera kwenda Kongo. Yalikuwa yanakwenda nyumbani, na mimi nimekaa nikiyapisha. Nilifikiria mama amesimama jukwaani baada ya usiku mzima wa kazi, au ameshachoka akaenda zake. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani.

Namanve tulifika jua likiwa limeshakuwa kali. Jukwaa lilikuwa tupu isipokuwa mwanamke mmoja aliyechuchumaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kichwa juu ya magoti. Nilimjua kwa shingo. Alikuwa amelala hivyohivyo.

“Mama.”

Akafungua macho, akasimama haraka kama mtu aliyekutwa amelala zamuni. “Letaru! Umekuwa mti!” Akanishika mikono yote miwili. Yake ilinuka sabuni, ngozi imechubuka kwenye vidole. Mimi, bila hata kumwamkia, nikasema:

“Mama, ninaweza kuja kukaa na wewe?”

Sikujua kama naweza kufanya hivyo. Nadhani ni ile treni. Niliona muda umeliwa, nikaogopa utaliwa wote.

Mama akauchukua mfuko wangu. Alisema, “Twende uone.”

Chumba chake kilikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni, katika mstari wa vyumba vilivyofanana. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja chembamba, jiko la mkaa, ndoo, na kamba ya nguo. Kwenye kichwa cha kitanda kulikuwa na shuka na mto vimekunjwa pamoja kama furushi. Mama alitoa shuka nyingine kwenye mfuko, akaitandika.

“Ile iliyokunjwa ni ya Mama Brenda,” akasema. “Yeye ana zamu ya mchana, mimi ya usiku. Akitoka ninaingia, nikitoka anaingia. Kila mtu na shuka yake. Siku yetu ya mapumziko mmoja analala chini.”

Nikatazama chini. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja, akikunja miguu.

Ndipo aliponieleza, amekaa ukingoni, akivua viatu. Alipofika Kampala alipanga chumba Kireka, chake peke yake, kwa sababu treni ilikuwa inamfikisha kazini. Wiki za kwanza ilikwenda sawa. Halafu siku moja ikapisha mizigo, akafika amechelewa, msimamizi akamwonya. Ikapisha tena. Mara ya tatu alikuta geti la kiwanda limefungwa, na waliofungiwa nje pamoja naye nusu yao hawakuitwa tena. Yeye aliitwa, kwa masharti kwamba akae karibu.

“Kwa hiyo nikaacha kile chumba. Kilikuwa na dirisha la upande wa miti. Nilikuwa nimeshanunua godoro yako.”

“Yangu?”

“Ya nani tena? Ndiyo hii.” Akapigapiga kitanda kwa kiganja. “Sikutaka kukuambia kwenye simu. Ungesema nakudanganya.”

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilisema, “Ni nzuri,” na mama akacheka, halafu akafuta macho kwa shuka.

Alihitaji kulala, lakini hakutaka kulala na kuniacha nimekaa juu ya ndoo. Akasema, “Panda, kichwa chako huku, miguu yangu huko.” Tukalala hivyo, kichwa kwa miguu, chakula cha mchana tumekisahau. Yeye alizama usingizini mara moja. Mimi nilikaa macho, nyayo zake karibu na shavu langu, nikisikiliza watoto wa jirani wakigombania kitu kwa lugha ambayo siijui. Nilikuwa nimefika kwa mama kabisa. Lakini kila nikisogea kidogo nilihisi ukingo wa kitanda.

Jioni mlango uligongwa. Mama Brenda aliingia, mfupi, amechoka, akatukuta wawili tunajinyoosha.

“He! Leo kitanda kimezaa!” akasema. “Na kimezaa kitu kirefu hivi! Nitalala wapi mimi, juu ya kabati?”

“Huna kabati,” mama akamjibu.

“Ndiyo maana nauliza.”

Tulicheka wote watatu, na mama akaanza kukunja shuka yake.

Alinisindikiza stesheni akiwa tayari amevaa nguo za kazi. Njiani akasema atakuwa anaitazama treni. Ikianza kutunza saa zake, atarudi kutafuta chumba. “Siyo kwamba nakuambia hapana,” akasema. “Nakuambia nini? Nakuambia kwamba...” Treni ya jioni ikaita. Siku ile, baada ya yote yale ya asubuhi, iliondoka kwa wakati wake hasa, na sikusikia mwisho wa sentensi. Nilimwona akienda upande wa viwandani kwa haraka, bila kugeuka, kwa sababu geti ni geti.

Kurudi kulikuwa basi tena, milima tena, Kasese bila kulala. Bwera nilimkuta baba anapaka viatu rangi nje ya mlango.

“Amesema nini?”

“Amesema kitanda ni kimoja.”

“Amekukataa.”

“Hapana, baba.”

“Basi nini?”

“Treni inachelewa.”

Alinitazama kama mtu aliyeletewa ripoti ya mlevi. Nikamweleza yote tangu mwanzo: chumba cha Kireka, geti, godoro. Sijawahi kumwambia baba maneno mengi hivyo kwa mpigo. Alisikiliza kiatu kimoja kikiwa mkononi. Mwisho akasema, “Alinunua godoro,” si kwa kuuliza. Akarudi kupaka kiatu kilekile ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Haya nayaandika nikiwa Arua. Shangazi si mbaya. Ananipa nyama ya kwanza, na bado ananiita mgeni. Watoto wake huzungumza lugha ya baba, ambayo ninaielewa nusu, kwa hiyo nusu ya siku ninakuwa peke yangu hata nikiwa kati yao. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba mtu anaweza kukutaka na asiwe na mahali pa kukuweka. Kambini walikuwa wameyafanya hayo mawili kuwa jambo moja, na mimi nilikuwa nimewaamini. Na nimejifunza kwamba watu wakizungumza juu ya kuboresha treni, husifu mwendo kasi na mabehewa mapya. Mama hana haja na mwendo kasi. Anataka treni ifike saa iliyosema itafika, basi.

Jumapili anapiga simu. Zamani alianza yeye, kama nimekula. Siku hizi naanza mimi: “Mama, treni?” Naye hunipa habari za wiki nzima, kwa maana akitoka zamu hupita pale stesheni. Jumatatu ilikuja sawa. Jumanne sawa. Jumatano ilipisha, lakini si sana. Ninasikiliza kama wenzangu wanavyosikiliza matokeo ya mtihani.

Jumapili iliyopita alisema amekwenda Kireka kuuliza kile chumba chake.

“Kimepata mtu?”

“Kimepata.” Halafu akaongeza: “Kuna kingine. Ni kidogo zaidi, na kipo karibu kabisa na reli. Usiku mizigo ikipita, vyombo vinacheza.”

“Nitazoea,” nikasema, kabla hajaniuliza.